Mbachao wangu wa jikoni

Friji iliyoko jikoni kwangu ilinunuliwa na marehemu mama mwaka 2002. Naijua kwa sauti. Kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi ya kupozea, ikiwaka hutoa mguno mfupi, kisha huvuma taratibu, na ikizima chupa zilizopangwa mlangoni hugongana kidogo. Mwezi uliopita, usiku nikiwa macho kitandani, nikatambua kwamba muda mrefu umepita sijazisikia zile chupa. Nikaangalia saa, nikangoja. Saa nzima na robo ikapita, kompresa inavuma tu. Asubuhi maziwa yalikuwa yameanza kuchacha.

Nilipowaambia ndugu zangu, jibu lao lilikuwa moja: hiyo imeshazeeka, nunua nyingine. Nawaelewa, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ila mimi nashika ile methali nyingine, ya usiache mbachao kwa msala upitao, na siishiki kwa ajili ya mama peke yake. Kwa miaka yote niliyofungua vyombo vya jikoni nimekuta jambo lilelile likijirudia: chombo kikigoma, mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo cha mpira, cha plastiki au cha kaboni, ambacho tangu kiwandani kiliwekwa kiishe chenyewe ili mota au kompresa ibaki salama. Kutupa chombo kizima kwa sababu kile kidogo kimetimiza kazi yake kunaniuma.

Nilianza na mlango, maana hauhitaji hata bisibisi. Chukua karatasi, ibane kati ya mpira wa mlango na fremu ya friji, funga, kisha ivute polepole. Mpira wenye afya huing'ang'ania ile karatasi, unasikia kabisa inakuja kwa shida. Nilizunguka mlango wote hivyo, shibiri kwa shibiri. Chini, sawa. Upande wa mkono wa kufungulia, sawa. Nilipofika kona ya juu upande wa bawaba, karatasi ilianguka yenyewe kabla sijaivuta. Usiku nikafanya jaribio la pili: nikawasha tochi, nikaiweka ndani ikielekea kona ile, nikafunga mlango na kuzima taa za jikoni. Mstari wa mwanga ukaonekana, mwembamba kama uzi, urefu wa kidole changu cha shahada.

Uzi ule ndio uliochachisha maziwa. Mpira wa mlango wa friji ni bomba laini lenye ukanda wa sumaku ndani yake. Sumaku huuvuta kwenye fremu, na ulaini wake huziba mianya. Ukikauka na kukunjamana, sumaku haifiki tena. Hewa ya jikoni inaingia pamoja na unyevu wake, unyevu unaganda kuwa barafu kwenye sehemu inayotoa baridi, na barafu ikinenepa inakuwa kama blanketi linalozuia baridi isitoke. Kompresa haijui habari za mpira. Inachojua ni kwamba themostati, ile swichi ya joto inayoiwasha na kuizima, bado inasema kuna joto, basi inaendelea kuhangaika.

Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Machi 2021 zinawataka watengenezaji wa friji wahakikishe mipira ya milango inapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya friji ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Nafurahi kwamba hatimaye kuna mtu aliyeuona mpira kuwa kitu cha kutungiwa kanuni. Lakini friji ya mama imeupita umri huo, kwa hiyo ilibidi niufufue mpira uliopo.

Niliusafisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mswaki laini, nikiingia kwenye kila mkunjo. Usiiruke hatua hii. Uchafu uliogandamana mle peke yake unatosha kuuzuia mpira usikae. Kisha nikachukua mashine ya kukaushia nywele, nikaiweka moto wa kati, nikaipitisha kwenye kona ile kwa umbali wa kiganja, nikienda na kurudi bila kutulia mahali pamoja. Baada ya dakika mbili tatu mpira ulilegea kama sikio la mtoto. Nikauvuta nje kwa vidole hadi ukarudia umbo lake, nikachomeka kitambaa kilichoviringishwa nyuma ya mkunjo ili ubaki hivyo, nikauacha upoe. Mwisho nikapaka mafuta ya mgando kidogo sana, upande wa bawaba tu, kwa sababu pale ndipo mpira unapojisugua kila mlango ukifunguliwa. Nilipojaribu tena, karatasi ilishikwa.

Nikaona nisiishie hapo. Nikachomoa plagi, nikaivuta friji kutoka ukutani. (Naposema chomoa plagi namaanisha uichomoe na kuiweka pale unapoiona. Swichi ya ukutani siiamini kwa kazi yoyote ya kuingiza mikono ndani ya chombo.) Nyuma kuna ile mirija myeusi iliyojikunja kama nyoka. Kazi yake ni kulitupa nje joto lililotolewa ndani, na kwangu ilikuwa imevaa vumbi zito kama sufu. Niliisugua taratibu kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, nikifuata kwa mashine ya kufyonza vumbi. Friji nyingine zina mirija hiyo chini, nyuma ya kibao cha mbele, na nyingine imefichwa ndani ya kuta za pembeni, hizo hazina cha kusafisha ila ziachiwe nafasi ya kupumua.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki: maji yaliyokuwa yakituama chini ya droo za mboga. Watu wengi hudhani friji inavuja. Ukutani ndani, kwa nyuma, chini kabisa, kuna kitundu ambacho maji ya barafu inayoyeyuka hupitia kwenda kwenye kisahani kilicho juu ya kompresa, ambako hukauka kwa joto lake. Kitundu kikizibwa na makombo, maji yanarudi ndani. Bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, maji ya uvuguvugu, sukuma mara tatu nne. Basi.

Kuhusu barafu ya friza lazima niseme kwa msisitizo, kwa sababu niliwahi kuua friji. Ilikuwa ndogo, ya kwanza niliyoinunua kwa fedha zangu. Barafu ilikuwa imejaa, mimi nina haraka, nikachukua kisu. Kisu kilizama vizuri mara kadhaa, kisha nikasikia "sss", sauti nyembamba ambayo sijaisahau. Ndani ya ukuta wa friza mle kuna mirija ya alumini, myembamba, na nilikuwa nimetoboa mmoja. Gesi ikaisha yote. Fundi alipokuja aliangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Dada, hapa pa kuziba pamekuwa pengi." Tangu siku hiyo naizima friji, naweka sufuria la maji ya moto ndani ya friza, nafunga mlango, naenda kufanya shughuli nyingine. Barafu huanguka yenyewe vipande vipande. Tena friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto, kwa hiyo kisu sasa kina hatari kubwa kuliko ile ya kupoteza friji.

Blenda nayo ina hadithi yake. Ilikuwa inanguruma vizuri lakini visu havizunguki. Ukisikia mota inakimbia na visu vimetulia, usiilaumu mota. Tazama kile kigurudumu chenye meno kilicho juu ya kitako, pale jagi linapokaa. Kwenye nyingi ni cha mpira au plastiki, na kimefanywa dhaifu kwa makusudi: visu vikikwama, kivunjike chenyewe mota isiungue. Changu kilikuwa kimelika meno yote, kimebaki duara. Kukitoa kulinichosha nusu saa hadi nilipokumbuka kwamba vingi vya hivi vina nati ya kinyume, unafungua kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Shikilia mhimili kwa chini kwa bisibisi usizunguke, na huku juu uzungushe kwa koleo lililofungwa kitambaa.

Nilipokuwa mle ndani nikakagua kaboni. Ni vijiti viwili vidogo vyeusi vinavyosukumwa na springi ili vigusane na sehemu ya shaba inayozunguka, vikipeleka umeme kwenye mota. Vinaisha kama chaki. Dalili zake ni cheche nyingi zinazoonekana kwenye matundu ya hewa, harufu kali, na mota isiyowaka hadi uitikise. Kimoja kilikuwa kimebaki milimita nne hivi. Nilivibadilisha vyote viwili kwa pamoja, nikaiacha blenda izunguke tupu kwa mwendo mdogo dakika chache ili vichwa vipya vijichonge kufuata mviringo wa shaba. Cheche zilikuwa nyingi mwanzoni, zikapungua mbele ya macho yangu.

Kazi iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, ni ya mashine ya kahawa. Ilizima ghafla, haina hata taa. Nilipima kwa mita ya umeme kipande kwa kipande: waya wa umeme mzima, swichi nzima, hita ina ukinzani wake (kiasi inavyouzuia umeme), na kwenye fyuzi ya joto mita ikakaa kimya. Fyuzi hii ni kijibomba kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, kimevikwa soksi nyeupe inayostahimili moto, kimelazwa ubavuni mwa hita. Joto likipita kiwango kilichoandikwa juu yake inakata, na ikishakata imekata, hairudi. Wapo wanaoitoa na kuunga waya dairekti. Mashine inawaka kweli, na kuanzia hapo imebakiza themostati tu. Ikigoma, hakuna kingine kati ya hita na moto wa nyumba. Nawasihi, msifanye hivyo hata kwa siku moja.

Niliweka nyingine yenye kiwango kilekile cha joto. Mara ya kwanza niliichomelea kwa risasi ya kuungia waya, na nilipopima, ilikuwa imekufa tayari. Ncha ya kuchomelea hufika nyuzi mia tatu na zaidi, na joto hilo lilipitia kwenye waya likaifikia fyuzi, nayo ikafanya kazi yake kwa uaminifu. Ya pili niliibana kwa vishikizo vya chuma na koleo, bila moto. Halafu nikajiuliza kwa nini ya awali ilikata. Bomba la maji lilikuwa limejaa ukoko mweupe wa chokaa, maji hayapiti ipasavyo, na hita inajichoma yenyewe. Siki na maji, nusu kwa nusu, mizunguko miwili, kisha maji matupu mara tatu. Bila hiyo siki, fyuzi mpya isingemaliza wiki.

Mita inakupa pia majibu ya oveni bila kubahatisha. Zidisha volti kwa volti, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye hita, unapata omu, yaani kipimo cha ukinzani, unazopaswa kuziona. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 itasoma karibu 26. Mita isiposoma chochote, hita imekatika. Ikisoma vizuri, tafuta kosa kwenye themostati au waya.

Maikrowevu siifungui. Ndani yake kuna kapasita inayobeba umeme wa zaidi ya volti 2,000, na inaweza kuendelea kuushika hata plagi ikiwa imechomolewa. Umeme huo umewaua watu waliokuwa mafundi kuliko mimi. Ninachogusa ni kile kikaratasi cha kijivu kilicho ukutani upande wa ndani, ambacho watu hukidhani ni kadibodi na kumbe ni madini ya maika. Mafuta yakikirukia na kuungua, ndipo cheche zinapoanza. Kinafutwa, au kinakatwa kipya kwa mkasi kwa kipimo cha kile cha zamani. Jiko la gesi nalo nalipima kwa povu la sabuni kwenye maungio yote, na povu likivimba tu, nafunga mtungi na kumwita anayelijua.

Nilipoirudisha friji ukutani niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nyuma, juu karibu na ukingo, kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya utepe, imekuwa ya manjano. Mwandiko wa mama, ule wa herufi zilizolala: "Mpira mpya, 2011." Chini yake: "Themostati, 2016. Fundi ameacha skrubu moja, ipo kwenye droo."

Nikaenda kuitafuta. Ipo. Nimeirudisha mahali pake, nikachukua kalamu, nikaandika tarehe ya leo chini ya mistari yake: kona ya mpira, vumbi, kitundu cha maji, skrubu. Sasa kompresa inavuma kama dakika ishirini hivi, kisha chupa zinagongana.