Siku chenisoo iliponyamaza

Kovu lenyewe dogo tu, liko ncha ya kidole cha kati mkono wa kushoto, ukiliona utadhani nilijikata na kisu cha jikoni. Ukucha ulishaota tena ila umepinda kidogo. Lakini kila nikishika chenisoo, ule msumeno wa mashine wenye cheni ya meno, hicho kidole kinawasha, sijui ni akili yangu au ni nini, kinawasha kweli.

Ilikuwa Jumamosi. Usiku wa Alhamisi upepo ulivuma vibaya ukaangusha mkaratusi nyuma ya nyumba, bahati haukuchukua paa, ulilala kukatiza mtaro, kitako upande huu, matawi upande ule, na katikati shina linaning'inia hewani. Hapo pa kuning'inia pashike vizuri maana ndo palipotuponza.

Nilikuwa na chenisoo ya umeme, ya waya sio ya betri, wati 2000, baa ya sentimita 35. Baa ndo ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka, na kama Kiswahili unakijua utakubali kwamba jina limekaa mahali pake. Nilikuwa nayo kama mwaka hivi na nilikuwa naisifia kwa kila mtu, haina kuchanganya petroli na oili, haina kuvuta kamba mpaka bega liume, haina moshi, unachomeka unakata. Nilichokuwa sikielewi ni kwamba hizi raha zote zina upande wake wa pili. Ya petroli hata ukiachia mafuta bado inakoroma, inakwambia mimi niko macho. Ya umeme ukiachia swichi inanyamaza kama pasi, na pasi nayo tunajua ikiwa kimya haimaanishi imepoa.

Mjomba wangu, mtu aliyepasua magogo zaidi ya nusu ya maisha yake, alinitumia ujumbe asubuhi ile ile, "msianze mpaka nije, nafika mchana". Mimi nikaona mchana mbali. Tena mjomba nilikuwa namwona ana mambo mengi, maana aliwahi kuiazima hiyo mashine kutoka kwangu nikamwona kila akitaka kugusa cheni, hata kama ni kutoa kijiti tu kilichonasa, anachomoa kile kiwaya kifupi cha mashine kwenye ekstensheni alafu plagi anailaza juu ya gogo mbele ya macho yake. Nikamtania, "Mjomba, plagi nayo umeipa kiti?" Akanijibu bila kucheka, "Nikiyaona meno ya plagi ndo nagusa meno ya cheni." Tulicheka sana siku ile mimi na mdogo wangu, ikawa msemo wetu wa kumwigiza.

Basi tukaanza mimi na dogo. Ekstensheni yangu ilikuwa ya kwenye gurudumu, ya mita 50, tukavuta kama 15 tukaacha nyingine zote zimejiviringa pale pale. Nikavaa miwani, glavu za ngozi, buti, kwa kweli nilijiona niko kamili. Tukaanza na matawi. Na onyo la kwanza nililipata hapo hapo ila sikulisikia, nilikuwa nakata tawi moja ncha ya baa ikagusa tawi jingine lililojificha nyuma kwenye majani, ile robo ya juu ya ncha, ndo sehemu mbaya kuliko zote, mashine ikaruka juu na kunirudia usoni kabla hata sijajua nini kimetokea. Kilichoniokoa ni ile ngao ya mbele ya mkono, kifundo cha mkono wangu kiliisukuma breki ikashika cheni ikasimama. Nikakaa chini dakika mbili. Dogo akauliza "kaka vipi?" nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Nikaendelea. Nikaona pia mashine haikati kama zamani, nalazimika kuilalia kwa uzito, na badala ya kutoa chenga za mti zile nene inatoa unga kama wa msasa, na harufu ya kuungua kwa mbali. Mtu mwenye akili anasimama hapo. Mimi nikasema mkaratusi ni mgumu.

Tukafika kwenye shina. Sasa gogo likiegemea ncha zote mbili na katikati linaning'inia, uzito wake unalibana upande wa juu na kulivuta upande wa chini, kwahiyo ukikata kutoka juu moja kwa moja ule mkato unajifunga wenyewe kadri unavyoshuka. Unatakiwa ukate juu kidogo, theluthi hivi, alafu umalizie kutoka chini kwenda juu. Hii naijua saivi. Siku ile niliingiza baa juu nikashuka nayo, nikafika kama nusu, gogo likafumba mdomo likaing'ata baa, na sekunde hiyo hiyo mashine ikafa. Kimya kabisa.

Nikasema kwa sauti, "Umeme umekatika." Nilikuwa na uhakika kabisa. Kumbe nilipokuwa napambana kuivuta waya ulinyooka, plagi ikachomoka kwenye ekstensheni nyuma yangu kule kwenye nyasi, na ile ndoano ya kwenye mpini ya kushikilia waya usivutike nilikuwa sijaitumia hata siku moja, nilidhani ni ya kutundikia mashine ukutani.

Basi nikawa nahangaika nayo. Mkono wa kulia umeshika mpini wa nyuma, navuta kwa nguvu, na mtu akivuta kwa nguvu vidole vinakaza vyote, kwahiyo kile kitufe cha usalama kimebanwa na swichi imebanwa na mimi wala sina habari, kwani si umeme umekatika? Mkono wa kushoto nikaushusha kwenye cheni pale inapoingia kwenye gogo, nijaribu kuisukuma itoke. Dogo akageuka akaona plagi imelala kwenye nyasi. Mtoto wa watu, akaona anasaidia. Akachomeka.

Nataka nieleze hesabu moja niliyoipiga baadaye nikiwa kitandani sina usingizi. Cheni ya baa ya sentimita 35 ina urefu wa karibu mita moja na meno 26. Ikikimbia mita 12 kwa sekunde, na mashine nyingi za namna hii zinafika huko, basi inazunguka mara 12 kwa sekunde, yaani meno zaidi ya 300 yanapita sehemu moja ndani ya sekunde moja. Kidole changu kilikuwa hapo.

Kilichoniokoa ni gogo. Lilikuwa limeing'ata ile baa kiasi kwamba mota ilipoamka cheni ilisogea labda shubiri moja ikakwama, ikabaki inanguruma tu. Hiyo shubiri moja ilitosha kuchukua ncha ya glavu, ukucha nusu na nyama kidogo. Ingekuwa baa iko huru nisingekuwa naandika kwa mikono miwili. Ule ujinga wa kukata vibaya ndo ulionitoa kwenye ujinga wa pili, jambo ambalo mpaka leo sijui nilichukulie vipi.

Sikupiga kelele hata. Nilisema "chomoa" kwa sauti ya kawaida kabisa, na dogo anasema ile sauti ndo ilimtisha kuliko damu.

Mjomba alifika mimi nimeshatoka kufungwa kidonda na kuchomwa sindano ya pepopunda. Nilijiandaa kwa kugombezwa. Hakugombeza, alienda moja kwa moja mtaroni, akaikuta mashine bado imeng'atwa, akahakikisha haijachomekwa popote, plagi akaiweka juu ya gogo, alafu akagonga kabari ya mti kwenye mkato ukafunguka taratibu, baa ikatoka yenyewe bila kuvutwa. Dakika tatu. Akaligusa na lile gurudumu la waya, akatikisa kichwa, "Mnapika nini humu?" Lilikuwa moto. Waya ukiwa umeviringwa unajibania joto lake mwenyewe, unatakiwa kuutoa wote hata kama unahitaji mita 15 tu, na kwa urefu wa mita 50 na mashine ya wati 2000 alisema anataka waya wa unene wa milimita za mraba 2.5, sio ule wangu mwembamba. Alafu akauliza kama soketi ninayotumia nje ina ile swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Nikamwambia sijui. Akanyamaza, na hapo ndo niliumia kuliko kidole.

Kesho yake tukakaa kivulini, yeye na mashine mimi na bandeji. Akafungua kifuniko cha pembeni. Jamani. Ndani kulikuwa na tope la unga wa mti na oili limekandamizwa mpaka limekuwa kama udongo wa mfinyanzi, limezunguka gia yote. Tundu dogo la kupitishia oili kwenda kwenye baa limeziba kabisa, kwahiyo tenki lilikuwa halipungui na mimi nilikuwa nafurahi kwamba mashine yangu haili oili! Mwaka mzima najisifu. Baa kingo zake zimebadilika rangi, buluu, chuma kimeungua. Akachokoa mfereji wa baa kwa kibati chembamba, akazibua tundu, akaigeuza baa chini juu ili isilike upande mmoja, akaweka oili ya cheni. Mimi nilikuwa nimemwekea tayari oili chafu iliyotolewa kwenye gari, akaisogeza pembeni kwa mguu, akasema ile ina vumbi la chuma, ni sawa na kulainisha kwa mchanga. Alafu akawasha akaielekeza ncha kwenye kipande cha boksi bila kugusa, baada ya sekunde chache ukatokea mstari mwembamba wa oili kwenye boksi. Sikuwahi kuuona ule mstari.

Cheni nayo ilikuwa imelegea mpaka inaning'inia chini ya baa. Akaikaza ikiwa imepoa, mpaka ikagusa baa upande wa chini wote lakini ukiivuta kwa mkono wenye glavu inazunguka. Akaniambia ikipata moto inarefuka, ukiikaza ikiwa ya moto uilegeze ukimaliza kazi, maana ikipoa inajibana na kuumiza ekseli.

Kunoa ndo kulichukua mda, na ndo sehemu niliyoipenda. Meno 26, 13 yanaelekea kulia na 13 kushoto, yanapishana. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mpangilio huu aliupata mkata miti mmoja wa Oregon kule Marekani, Joseph Buford Cox, mwaka 1946, baada ya kumwangalia funza wa mdudu anayetoboa miti kwenye kisiki jinsi anavyotafuna mti kushoto na kulia. Na chenisoo ya kwanza ya Andreas Stihl, mhandisi wa Ujerumani aliyeanzisha kampuni ya Stihl, ya mwaka 1926 ilikuwa ya umeme, inabebwa na watu wawili, kwahiyo wanaosema za umeme ni za kuchezea waulize vizuri. Mjomba haya hayamhusu, yeye ana tupa yake ya duara ya milimita 4, anaweka pembe ya digrii 30, anasukuma kwenda mbele tu, hairudishi ikisugua, mara tatu kila jino, anahesabu kwa midomo. Upande mmoja wote, alafu anageuza. Akanionyesha meno yangu ya kushoto mafupi kuliko ya kulia kwa sababu mimi nilikuwa nanoa upande ulio rahisi kwa mkono wangu, ndo maana mikato yangu yote ilikuwa inapinda na nilikuwa nalaumu mti. Alafu vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino akavipima na akavipunguza kidogo kwa tupa bapa, viwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi, akasema ukivishusha sana mashine inakuwa na hasira.

Mda wote huo plagi iko juu ya kigoda kati yetu, mimi naitazama. Sikutania tena.

Wiki mbili baadaye tukarudi mtaroni. Waya umetolewa wote, umepita juu ya bega langu la kulia na kuning'inia nyuma, mbali na cheni, kitanzi cha waya kimekaa kwenye ile ndoano. Mjomba kanisimamisha kushoto kidogo ya baa, sio nyuma yake, ili ikiruka isikute uso. Juu theluthi, ikazama yenyewe kwa uzito wake, alafu chini kwenda juu. Chenga nene zikaruka kwenye buti, gogo likagawanyika bila kulia. Nikaachia swichi, kukawa kimya, na mimi nikabaki nimeganda pale nimeishika, siwezi hata kuiweka chini, mpaka dogo akachomoa akaja kuniwekea plagi kwenye kiganja.

Siku hizi dogo kabla hajachomeka chochote nyumbani kwangu, hata feni, anapiga kelele kutoka chumba kingine, "Nichomekeee?" na hachomeki mpaka ajibiwe. Wageni wanamshangaa.

Lile gogo lenye ule mkato mbovu tulilipasua kuni mwisho kabisa. Ndani ya mkato kulikuwa na kipande cha ngozi kimekauka, ncha ya kidole cha glavu. Mjomba alikitoa kwa ncha ya kisu, akakiangalia, akanipa. Nimekiweka kwenye boksi moja na tupa.