Daftari la Getini
Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakimwelezi mzazi ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Ndiyo maana mimi, kama mzazi, huomba kwanza kuona daftari la getini, lenye jina, saa na sahihi ya kila anayemleta au kumchukua mtoto, kwani hata dereva wa bodaboda aliye jirani hapaswi kukabidhiwa mtoto kabla mzazi hajathibitisha. Kituo kinachokasirika kuulizwa hivyo, mwanangu simwachi hapo. Mlezi wa kituoni naye akiona alama za kipigo mwilini mwa mtoto, aandike alichokiona na amwarifu afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, au apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.