Prado inarudishiwa 1KZ

Tumekubaliana na mjomba: Toyota Prado yake, ambayo injini imekufa, inarudishiwa injini ya aina ileile, 1KZ ya dizeli. Nataka niuandike uamuzi huu sasa hivi, maana kila niliyemuuliza hapa Mtwara alikuwa na injini yake ya kunishauri, na kila mmoja alinishawishi kwa siku kadhaa.

Gari lenyewe ni Prado 90 ya dizeli, ile aina iliyotoka kiwandani kuanzia 1996 hadi 2002. Mjomba alilinunua likiwa bado na nguvu, na ukoo mzima umelitegemea. Ndilo linalomshusha mama kutoka Newala kwenda kliniki Ndanda na kumpandisha tena. Ndilo linalobeba salfa wakati wa kupulizia mikorosho. Kwa hiyo lilipozima, habari haikuwa ya mjomba peke yake.

Ugonjwa ulioiua injini unajulikana kwa kila fundi wa Toyota. Hedi ya 1KZ, yaani kichwa kinachofunika silinda kwa juu, ni ya aluminiamu, bloku, yaani mwili wa injini, ni ya chuma, na gari likichemsha hedi hupasuka, mara nyingi katikati ya valvu. Dalili zake huanza polepole. Maji yanapungua na huoni yanakovujia. Hosi ya juu ya rejeta inakakamaa asubuhi, injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Ukifungua mfuniko wa rejeta unaona mapovu. Safari hii halikuishia kwenye hedi. Maji yaliingia kwenye oili, beringi za kirenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zikaliwa, na fundi alipoishusha injini tukakuta silinda mojawapo ina mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha. Kupiga slivu (kuvisha silinda ukuta mpya), kuchonga kirenki, pistoni mpya, ringi, hedi mpya: tulipojumlisha, tukakuta injini nzima ya mtumba kutoka Japani inatoka kwa bei nafuu zaidi.

Kabla ya kuzungumza injini, nilimwomba fundi alikague gari lote. Hapa pwani hewa ya chumvi inakula chuma, na gari linalolala Shangani miaka yote linaweza kuwa zuri juu huku chini limeoza. Fundi alilala chini yake na nyundo, akagonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Palikuwa na kutu karibu na tairi za nyuma, ya juu juu tu, inayosuguliwa na kupakwa rangi. Gia boksi nzima, difu nzima. Kununua gari jingine kungetupeleka kwenye ushuru, na gari la mtumba lililozidi miaka minane linalipiwa pia ushuru wa uchakavu. Gari hili limekwisha lipiwa yote hayo. Nilifurahi kusikia chesisi iko salama kuliko nilivyofurahi kwa jambo jingine lolote katika shughuli hii.

Sasa injini gani?

Wa kwanza kunishauri alikuwa kaka mmoja anayeendesha Land Cruiser mkonga. Kwake hakuna mjadala: 1HZ. Namwelewa. Ni injini ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo ya kuisukumia hewa, haina kompyuta ya kuamua mafuta, na huku kusini imebeba wagonjwa, polisi na watu wa miradi kwa miaka mingi. Ukiizoea mlio wake unaamini haitakufa. Lakini kwenye Prado 90 haikai pale ilipokaa 1KZ. Ni ndefu, ni nzito, inataka maunti (vishikizo vya injini) za kuchomelea, gia boksi yake, na springi za mbele kuongezwa nguvu. Na kwa kuwa inatafutwa na kila mtu, ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote tulizoulizia. Tungelipa fedha nyingi ili tupate gari lililochomelewa, ambalo kila fundi mpya angeanza kwa kutafuta mwenzake alilifunga vipi.

Wa pili ni mpwa wangu, kijana anayejua magari ya sasa. Yeye anataka 1KD, ile ya D-4D. Ujazo wake ni sawasawa na wa 1KZ, 2,982, na Toyota wenyewe waliiweka kwenye Prado hii tangu 2000. Ina nguvu zaidi, inakunywa kidogo, haina makelele. Kwenye karatasi inashinda. Tatizo langu ni dizeli. Injini hii inasukuma mafuta kwa msukumo mkubwa mno kupitia nozeli zenye matundu madogo sana, na mafuta machafu au yaliyochakachuliwa yanaziharibu mapema. Ukijaza kwenye vituo vya hapa mjini, sawa. Lakini msimu wa korosho, magari yanapokuwa mengi vijijini, kuna siku unajaza kwa kidumu na kuchuja kwa kitambaa. Nozeli moja ikiharibika inataka kupimwa kwa mashine, na kwa hilo tungekuwa tunatazama Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Halafu lazima uhamishe waya zote na kompyuta yake, pamoja na ule mfumo wa funguo unaozuia injini isiwake ovyo.

Nilipomsomea mjomba faida za 1KD kwenye simu, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, sitaki injini ambayo ikizima Kitangari itabidi nimsubiri mtu wa Dar."

"Sawa, mjomba," nikamjibu. Nadhani uamuzi ulifanyika hapo, hata kama tuliendelea kuulizia.

Petroli tuliipitia haraka. 3RZ ni injini ngumu na inapatikana, lakini kupanda na kushuka ule mteremko wa Masasi na Newala ukiwa na mzigo, kwa petroli, ni gharama. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi Mtwara tuna safu yetu ya bei kwa kuwa mafuta hushushwa pia bandarini kwetu. Mimi huzisoma bei hizo kila mwezi. Mpwa wangu aliongeza kwamba petroli ingefungua mlango wa kuweka mtungi wa gesi. Wazo hilo lilinigusa. Gesi inatoka Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, karibu na nyumbani kabisa, na bomba lake linakwenda Dar es Salaam. Ningependa sana gari letu litembee kwa gesi ya hapa. Ila vituo vya kujazia magari vingi viko hukohuko Dar, na sisi tunataka kufika Newala mwaka huu.

Iliyonichelewesha kweli ni 5L, injini ya zile Hiace. Ujazo wake 2,986, haina turbo, pampu yake ni ya kawaida isiyotegemea umeme mwingi, na hapa mjini fundi wa daladala anaifungua na kuifunga bila kuuliza mtu. Ingelikuwa tunaishi na kufanya kazi Mtwara na Mikindani tu, ningeichagua. Lakini haina nguvu ya kulivuta gari zito kama Prado kupanda uwanda wa Makonde likiwa na watu saba. Dereva angekuwa anakanyaga mafuta mwanzo hadi mwisho wa mlima, na injini inayokamuliwa hivyo kila safari haidumu.

Ndiyo tukarudi kwenye 1KZ. Inakaa kwenye maunti zake, inakubali gia boksi iliyopo, waya zilezile, kompyuta ileile, mradi tuchague injini ya miaka inayolingana, kwa sababu pampu yake inaongozwa na umeme. Fundi wetu anaijua ndani nje. Gasketi, mikanda na pampu ya maji zinapatikana hapahapa Mtwara. Hedi mpya ikihitajika siku moja, inaagizwa na kufika kwa basi.

Kuna watu wamenishangaa: unarudishaje ugonjwa uleule? Swali ni la haki, na ndilo nililolifikiria zaidi ya yote. Hedi ya 1KZ haipasuki yenyewe. Inapasuliwa na joto, na joto lina chanzo. Tuliifungua rejeta, tukakuta safu nyingi zimeziba kwa kutu na tope. Kule juu Newala maji yamekuwa shida miaka na miaka, na dereva akikwama anamimina yoyote atakayopewa. Klachi ya feni ilikuwa imechoka, feni inazunguka kivivu wakati inapohitajika kuvuta. Na thamostati, valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto, haikuwepo. Mafundi wengi huitoa kwa kusema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Kwenye injini nyingi za Toyota, ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Hapo mlimani unatengeneza joto kwa mkono wako. Injini yoyote tungeiweka juu ya mfumo huo ingeungua, iwe 1HZ iwe 1KD.

Kwa hiyo fedha ya kwanza inakwenda kwenye rejeta mpya, klachi ya feni, thamostati, hosi zote, na kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya kuokoteza. Nimeomba pia ifungwe geji ya joto inayosoma kwenye hedi yenyewe na kupiga kengele, kwa kuwa ile ya kwenye dashibodi hupanda wakati mambo yameshaharibika.

Fundi atakwenda mwenyewe Ilala, Dar es Salaam, kuichagua injini. Tumeelewana asinunue injini iliyopakwa rangi ya fedha hadi namba haisomeki. Aizungushe kirenki kwa spana, afungue mfuniko wa oili atazame kama kuna utelezi wa rangi ya maziwa, dalili ya maji kwenye oili, achungulie matundu ya maji kama yana kutu, aitikise shafti ya turbo, apime kompresheni ya kila silinda, na kama muuzaji anaruhusu, iwashwe ikiwa chini. Mkanda wa taimingi utabadilishwa kabla haijapanda kwenye gari, hata kama unaonekana mpya. Apewe risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari, na nitakwenda na risiti hiyo TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha kumbukumbu.

Mjomba atatoa sehemu yake malipo ya mnada wa korosho yakiingia. Mimi natoa ya rejeta wiki hii.