Siku moja soko la Kisutu, Dar: kotimiri, nanaa na mrehani

Saa 10 alfajiri. Mzigo wa Lushoto, kule milimani, umeshashushwa, na hapa ndipo biashara ya siku inaponyooka au kuharibika. Majani yakinyunyiziwa maji hung'aa yote, kwa hiyo mimi nashika shina. Shina la kotimiri likikatika kwa mlio, nanunua. Likipinda tu, nasogea kwa mwingine. Halafu natazama juu ya mche. Nikiona majani membamba yaliyochanikachanika, najua unaelekea kutoa maua na utamu wa jani umeanza kupotea. Joto la Dar huuharakisha kufika hapo, ndiyo maana naisubiri ya milimani.

Saa 1 asubuhi nafunga mafungu. Kinachonichelewesha ni nanaa, maana huja zimechanganywa. Ile ya kawaida ina jani la kijani kibichi lililokaa juu ya shina karibu bila kikonyo. Ile kali ina kikonyo, shina lake mara nyingi ni damu ya mzee, na ukitafuna mdomo mzima unapoa. Hiyo ni chotara wa nanaa ya kawaida na ya majini. Kwa kawaida haizai mbegu, hupandwa kwa vipande vya mizizi. Wa juisi nawapa ya kawaida. Ile kali inameza ladha ya tunda.

Saa 3 mpishi wa hoteli anataka mrehani. Upi sasa? Wa Kiitaliano una jani pana lililobinuka kama kijiko. Wa Kithai una shina la zambarau na harufu inayokaribia shamari. Wa kwetu, ule unaotiwa pamoja na asmini kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake, una jani dogo na harufu inayotangulia mtu mlangoni. Anachukua wa Kiitaliano, ni wa pasta.

Saa 5 anakuja binti, simu mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba paseli." Kashaishika kotimiri.

"Marahaba mwanangu. Sugua hilo jani, nusa."

Kanusa, kacheka. "Mh! Hii si ya kachumbari?"

Nampa paseli: jani nene kidogo, kijani kilichokolea, ncha zimechongoka, harufu ya upole. Ile ya kujikunja naona ni pambo la sahani tu. Ladha iko kwenye jani bapa.

Saa 7 jua linachoma. Jirani yangu anamwagia maji kila kitu, kisha analalamika vinaoza. Mimi kotimiri naifunika kitambaa kibichi. Mrehani nausimamisha kwenye jagi la maji, kwenye friji hauingii kamwe: baridi huugeuza mweusi.

Mchaichai hauna makuu. Nauza ulio mnene na mweupe chini.

Saa 11 jioni muuza mishkaki anazoa kotimiri iliyobaki kwa bei ya kutupa, ya chatini. Tumebishana mia mbili, kashinda yeye.