Namba moja zilituishia

Mzee aliyenipangisha chumba huko Melbourne alikuwa katibu wa klabu ya mtaa, mweka hazina wake, na mtunza ubao wa matokeo. Vyeo vitatu, mtu mmoja. Kwa maoni yangu ugonjwa wa klabu ile ulianzia hapo.

Jumamosi moja ya Agosti aliniomba nikamsaidie ubaoni. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho kabisa, maana wanachama walikwisha kupiga kura ya kuivunja klabu. Mimi mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye soka, mpira wao wa Kiaustralia, wa umbo la yai, nilikuwa naufahamu juujuu tu. Kila upande una nguzo nne, hakuna wavu. Mpira ukipigwa ukapita kati ya mbili ndefu za katikati ni pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, unaambulia 1. Kwa hiyo ubao hubeba hesabu tatu kwa kila timu: mabao, zile pointi mojamoja, na jumla. Sisi tulikuwa na vibao vya bati vyenye namba, vya kutundika kwenye misumari, vingine vimeliwa na kutu.

Timu kamili ni watu 18. Wetu walipatikana 16, na wageni, kwa uungwana, wakapunguza wao wawili. Ligi ilikuwa ya ridhaa, chini ya chama kilichoanzishwa 1892: mchezaji halipwi, tena hutoa ada. Ligi nyingine za vitongojini zinalipa, basi mwenye kipaji akiitwa huko, nani amlaumu? Nyumba za mtaa nazo zilipanda bei, vijana wakioa wanahamia nje ya mji. Ikafa kwanza timu ya akiba, kisha ya watoto.

Robo ya tatu kipigo kilikolea. Wageni wakafika mabao 15 na pointi 11, jumla 101. Hesabu mwenyewe namba moja zinazohitajika hapo: tano. Sandukuni zilikuwa nne. Mzee akatoa chaki mfukoni, akachora ya tano juu ya mbao, akasema, "Tungefungwa hivi kila wiki tungenunua vingine."

Wakati wa mapumziko mashabiki wanaruhusiwa kuingia uwanjani wamzunguke kocha, na siku hiyo waliingia wote, na mbwa wao, na soseji zao ndani ya mkate. Mzee hakwenda. Alikuwa mshabiki wa Fitzroy tangu utotoni, klabu ya 1883 yenye ubingwa mara 8. Septemba 1, 1996 alikaa mbele ya televisheni akaitazama ikicheza mechi yake ya mwisho ligi kuu, kule Perth, ikifungwa na Fremantle kwa tofauti ya pointi 86, kisha ikaunganishwa na timu ya Brisbane. "Ile iliuawa na madeni," alisema. "Hii imekosa mtu wa kufua jezi." Jezi alikuwa akifua mwenyewe, ila hilo hakulitaja.

Tulifungwa 114 kwa 57. Baada ya hapo watu walikunywa, wakabishana kuhusu ubao wa heshima uliokuwa ukutani: mbao nzito, herufi za dhahabu, majina ya manahodha na miaka ya ubingwa, na nafasi tupu miaka ya vita vyote viwili. Chumba kilikuwa mali ya manispaa na hakuna aliyejua ungekwenda wapi. Mzee akaomba bisibisi. Garini haukuingia, tukaubeba mabegani hadi nyumbani, barabara tatu, madereva wakitupigia honi kama tumebeba kombe.

Sebuleni nako haukupata nafasi. Ukasimamishwa koridoni, na muda wote niliobaki kwenye nyumba ile, kwenda bafuni nilikuwa napita ubavuubavu.