Wali wa Jirani na Kibanda Changu cha Rangi

Jumapili jioni, Keko, Dar es Salaam

Leo karakana yangu ya samani imefungwa. Nimevuta kigoda mbele ya kibanda cha kupulizia rangi ili niandike haya kabla hayajanitoka. Kazi nimeianza Januari. Anayepita barabarani anaona chumba cha mabati kimejibana kwenye kona na bomba limechomoza juu ya paa. Mimi nikikitazama naona makosa matatu niliyobomoa na kujenga upya.

Kwa miaka kumi na moja tumepulizia laka, rangi ya kung'arisha mbao, uani, chini ya turubai. Mafundi wengi tunafanya hivyo. Jua likiwa kali, laka inakauka hewani kabla haijatua, na ukipitisha kiganja juu ya mlango wa kabati unahisi chenga. Upepo ukija, vumbi la barabara linagandia humo humo. Na wingu la tina, ile ya kuyeyushia rangi, hata uani, linamfuata aliyeshika bunduki ya rangi. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa anajifunga kitambaa puani na kuendelea. Miaka yake ya mwisho alikuwa akipanda ngazi tatu anasimama kushika ukuta. Hakuna daktari aliyeniambia kuwa ni laka, kwa hiyo nami sisemi ni laka. Lakini kijana wangu, ambaye nilimkabidhi bunduki mwaka jana, alianza kuniambia kila siku ya rangi kichwa kinamgonga hadi asubuhi ya pili. Hapo nikaona basi.

Fremu nimepiga kwa paina ya Mafinga, inchi mbili kwa mbili, nikavalisha mabati. Jamaa walinishauri nizungushe nailoni kwa kuwa ni rahisi. Nikakataa: nailoni inashika umeme tuli na kuvuta vumbi, na moto ukitokea inamdondokea mtu ikiwa inawaka. Upana ni mita 2.5, kimo mita 2.4, kina mita 3.5. Taa nimeziweka nje, nyuma ya vioo, na swichi zote ziko nje.

Kosa la kwanza lilikuwa feni. Nilifunga ya inchi 12, aina ya jikoni, juu karibu na dari, kama jikoni vilevile. Moshi wa jikoni unapanda kwa sababu ni wa moto. Mvuke wa tina haupandi. Tina zetu nyingi zina kemikali ya toluini, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa kama mara tatu, kwa hiyo unashuka na kutambaa sakafuni huku feni ikivuta hewa safi ya juu. Ndipo nikakaa na kalamu. Kibanda cha namna hii kinataka hewa itembee kama nusu mita kwa sekunde kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Wangu una mita za mraba 6, maana yake mita za ujazo 3 kila sekunde, au 10,800 kwa saa. Ile feni iliandikwa 1,800. Haikufika hata robo.

Kuna jambo lingine lililonikosesha usingizi. Mota ya ile feni ilikuwa imekaa katikati ya njia ya mvuke. Mvuke wa toluini unaweza kushika cheche hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na unatosha uwe kama asilimia moja tu ya hewa. Dar es Salaam hatujui baridi ya nyuzi 4, kwa hiyo kwetu sisi uko tayari saa zote. Nikang'oa. Nikatafuta feni ya inchi 24 yenye mapanga ya alumini, inayozungushwa kwa mkanda, mota ikae nje kabisa. Imeandikwa 12,000. Nikaishusha hadi karibu na sakafu, nikaweka machujio mbele yake, na mwili wake wote wa chuma nikauunga kwa waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini.

Tukaiwasha, ikanguruma vizuri, kijana akapiga makofi. Nikafunga mlango nione kazi yake. Kabla ya tone la rangi kuingia, nilikuwa nimeazima chetezo cha mama na kipande cha udi, maana moshi ndio unaoonyesha hewa inakokwenda. (Udi uwe kabla ya rangi, kibanda kikiwa hakina harufu yoyote ya tina, na chetezo kitoke nje kabisa kabla kopo halijafunguliwa. Kaa ni moto.) Nikachuchumaa katikati nikatazama. Moshi ulipanda wima kama uzi, ukafika darini, ukatandaa taratibu. Feni inazunguka mita mbili kutoka mgongoni kwangu, na moshi haujui kama kuna feni. Nilipotaka kutoka, mlango ukagoma. Niliusukuma kwa bega ndipo ukaachia, na hewa ikaingia kwa kishindo hadi majivu yakanirukia usoni.

Nilijiona nimeelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Nilikuwa nimeshughulikia tundu la kutokea peke yake, nikaziba kila upenyo mwingine kwa silikoni kwa bidii yangu yote, nikitaka vumbi lisiingie. Siku ya pili nikakata madirisha mawili upande wa mlango, kila moja mita 1.5 kwa mita 1, nikayawekea pamba ya chujio wanayotumia wapaka rangi za magari. Sponji ya godoro ingekuwa rahisi zaidi, lakini inawaka kama petroli, siitaki humu. Nikarudisha udi. Safari hii moshi ulilala, ukapita pembeni ya goti langu na kuzama kwenye machujio ya nyuma. Nilirudia mara nne kwa raha tu ya kuutazama.

Februari na Machi tulifanya kazi nzuri kuliko wakati wowote. Kisha kusi likaingia.

Kibanda nilikijenga wakati wa kaskazi, na mdomo wa feni nikauelekeza kusini, ambako upepo ulikuwa ukichukua kila kitu na kwenda nacho. Sikufikiria kuwa upepo una zamu. Mwezi wa tano mama lishe wa upande ule alikuja akiwa ameshika sahani ya wali kwa mikono miwili. Hakugomba. Alisema, "Nusa, baba." Nikanusa. Wali wa nazi, na ndani yake tina. Alikuwa amemwaga nusu ya sufuria siku ile, na wateja wake wawili walikuwa wameondoka bila kula. Kusi lilikuwa likirudisha harufu chini, nyingine kwake, nyingine kwenye madirisha yangu ya kuingizia, kwa hiyo kijana alikuwa akivuta tena kile alichokwisha kukitoa. Nilimlipa chakula chake, lakini sahani ile bado naiona.

Nikasimamisha rangi wiki mbili. Fundi bati amenitengenezea bomba la upana wa feni, lenye kona moja pana, linalopanda hadi juu ya paa mita moja na nusu. Kofia sikuweka, inasukuma hewa irudi chini. Kwa ajili ya mvua nimetoboa kijitundu cha kutolea maji penye kona.

Kibanda hakitibu kila kitu. Masika, asubuhi, laka bado inapauka na kuwa kama imepakwa maziwa, kwa sababu hewa ninayoivuta ni ileile yenye unyevu. Tunasubiri saa sita. Barakoa ya makopo ya mkaa kijana anavaa vilevile. Rangi za hadna, zile zinazochanganywa na dawa ya kuzikaza, nazikataa, mpaka nipate barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Na kila Jumamosi tunakwangua unga wa laka, unaingia kwenye ndoo ya maji papo hapo, kwani ukikauka unawaka kama karatasi.

Mbele ya machujio nimening'iniza utepe wa kitambaa. Ukilegea, najua yamejaa.

Jana mchana kijana alikuwa ndani anapiga mkono wa pili wa kabati. Nikavuka kwenda kwa mama lishe, nikaketi kwenye benchi lake, upande uleule wa upepo. Akaniuliza, "Leo hampaki?" Nikamwonyesha bomba. Akalitazama kidogo, akanipakulia.