Ninachoamini na kinachofundishwa makanisani kwetu: hesabu inaweza kukudanganya

Kwetu ukitaka kuandaa shughuli yoyote, iwe harusi, kipaimara au msiba, kwanza unajiuliza nani anasali wapi. Mama ni Mroma wa Ukerewe, baba ni AIC (Africa Inland Church) wa Magu, mume wangu ni Msabato wa Majita kule Musoma Vijijini, wifi ameokoka anasali TAG (Tanzania Assemblies of God, Wapentekoste) hapa hapa Nyakato, na baba mdogo alioa Mhaya akahamia KKKT, yaani Walutheri, na sasa ni mzee wa kanisa kabisa. Na hii si familia ya ajabu, Mwanza hii nyumba za namna hii ni nyingi sana.

Kinachonisumbua ni kwamba ukimuuliza mtu anaamini nini, anakwambia anasali wapi, basi, kama vile jibu limeisha. Na ukiangalia historia unaona kabisa mengi ya haya yaliamuliwa na mmisionari yupi alishukia wapi. Mapadri Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walipita Kageye mwaka 1878 wakielekea Uganda, halafu 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi. Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) walikuwa Nassa, na mwaka 1909 wakawaachia wamisionari wa AIM (Africa Inland Mission), ndiyo mwanzo wa AIC kwa hapa Tanzania. Wamennonite wakaanza Shirati mwaka 1934. Wasabato wakashika Majita na Ikizu. Yaani babu mzaa baba angezaliwa Bukumbi badala ya upande wa Nassa, kuna uwezekano mkubwa baba leo angekuwa ameshika rozari. Sisemi Mungu hakuwemo kwenye hizo safari, naamini alikuwemo, ila mtu mzima mwenye akili zake lazima afike mahali ajiulize mwenyewe, haya niliyopokea nayaamini kweli ama nimeyazoea tu?

Kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika ninachoamini kabla sijafungua kitabu chochote cha kanisa lolote. Hii sehemu ni muhimu sana na nawasisitizia wanaotaka kujaribu, andika kwanza ndo usome, maana ukianza kusoma katekisimu utajikuta unaitikia tu kila kitu kwa sababu imeandikwa vizuri. Nikaandika kuhusu Mungu, Yesu, wokovu, ubatizo, meza ya Bwana, wafu, siku ya ibada, Roho Mtakatifu. Baada ya hapo ndo nikaanza kulinganisha na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mama, Katekisimu Ndogo ya Luther ambayo baba mdogo anayo, zile imani 28 za msingi za Wasabato, na upande wa AIC na TAG nikawauliza wazee na wachungaji wenyewe.

Kwa haraka haraka unafurahi kwa sababu mambo mengi yanafanana. Mungu mmoja katika Utatu, Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alikufa akafufuka, atarudi, hapo wote watano wako pamoja na mi niko nao. Hata ile ya kuokolewa kwa neema, ambayo watu wanadhani ndo ukuta mkubwa, tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walisaini tamko la pamoja pale Augsburg, Ujerumani, kwamba tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani katika Kristo wala si kwa mastahili yetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Lakini nenda kwenye kijiwe chochote Kirumba utasikia "Waroma wanajiokoa kwa matendo" na "Walutheri wanasema amini tu halafu tenda dhambi", maneno ambayo viongozi wao walishayamaliza miaka mingi. Inaniuma, kwa sababu watu wanagombana kuhusu kitu ambacho hakipo tena.

Ila sasa hapa ndo nataka tuelewane, kuhesabu mnakubaliana mangapi hakukusaidii kujua wewe ni wa wapi. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikutana Marburg, Ujerumani, kujaribu kuunganisha nguvu, wakaandika hoja 15, wakakubaliana 14. Kumi na nne kati ya kumi na tano! Iliyobaki ilikuwa kama mwili na damu ya Kristo vipo kweli kwenye mkate na divai, na kwa hiyo moja wakaachana, na mpaka leo wana makanisa tofauti. Ukifanya kwa asilimia ni zaidi ya tisini. Kwa hiyo mi nikaacha kuhesabu nikaanza kuuliza swali lingine, kipi kati ya hivi nikinyang'anywa nitaumia?

Kwangu jibu lilikuwa wafu.

Labda ni kwa sababu sisi watu wa ziwa tumezika sana. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na wengi wa waliopatikana wamelala pale Igoma. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Kwao mama Ukerewe kila mtu alikuwa na mtu wake mle. Siku zile tulikuwa tunasikiliza redio hiyo hiyo moja, mama akawa anaomba misa kwa ajili yao, baba akasema mama, hao mambo yao yameshaisha kwa Mungu, sisi tuwafariji waliobaki, na mume wangu akasema kwa taratibu kabisa kwamba wamelala, hawajui chochote mpaka parapanda. Watu watatu wanaompenda Yesu yule yule.

Na kila mmoja ana sababu zake, hakuna anayebuni. Mama ana toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa, na ana 2 Wamakabayo sura ya 12, pale Yuda Makabayo anapotoa sadaka kwa ajili ya waliokufa vitani, kitabu ambacho kwenye Biblia ya baba hakipo kwa sababu ya baba ina vitabu 66 na ya mama ina 73. Kwa hiyo baba hasomi vibaya, hicho kitabu hana. Mume wangu ana Mhubiri 9:5, "walio hai wanajua ya kwamba watakufa, lakini wafu hawajui neno lo lote", na ukimuuliza habari ya tajiri na Lazaro, ambapo waliokufa wanaongea, atakwambia ule ni mfano. Baba mdogo wa KKKT atamkabidhi marehemu mikononi mwa Mungu kwenye ibada ya mazishi, toharani hana.

Sasa mi kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika vitu vitatu. Kwanza, waliokufa katika Bwana wako naye sasa hivi, siwezi kuisoma Wafilipi 1:23, Paulo anavyotamani kwenda zake akae na Kristo, nikaelewa kwamba alikuwa anatamani usingizi. Hapo niko na AIC na KKKT. Pili, nawaombea marehemu na sitaacha, kwa sababu kwa Mungu hakuna "umechelewa", ombi langu la leo yeye alilijua kabla huyo mtu hajapanda kivuko. Hapo niko na mama, na wachungaji wengi nilioongea nao hawakubaliani na mi kabisa. Tatu, siamini kwamba Mungu atamchoma mtu milele na milele bila mwisho. Na hapo, niseme ukweli, wanaonijibu vizuri zaidi ni Wasabato, wanafundisha kwamba waovu watateketezwa wasiwepo tena, mateso hayaendelei bila kikomo. Mwanzoni mume wangu alifurahi sana kusikia hivyo akadhani nimefika, ila hiyo ya tatu kwao imesimama juu ya kulala kwa wafu, ambako ndiko nisikokubali. Huwezi kuchukua tawi ukaacha shina. Nimejifunza kwamba mafundisho ya kanisa yameshikana, ukivuta moja na jingine linakuja.

La pili kwa uzito ni ubatizo, kwa sababu tuna mtoto. Kwa mama mtoto anabatizwa akiwa mchanga, KKKT na Waanglikana pia. Kwa baba, kwa mume na kwa wifi mtoto anawekwa wakfu kwa maombi, akikua akajua anachofanya ndo anaingia maji mengi. Marehemu bibi alikuwa na hofu kubwa ya mtoto kufa bila maji, na wengi wa umri wake walilelewa hivyo. Natamani angesoma Katekisimu yenyewe namba 1261, inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ikatoa andiko zima kuonyesha kwamba kuna sababu za kutumaini wanaokolewa. Hofu ya bibi ilikuwa kubwa kuliko mafundisho ya kanisa lake, na naamini kuna bibi wengi bado wanaubeba huo mzigo na hakuna aliyewatua.

Mi naona kumbatiza anayeamini mwenyewe kuko wazi zaidi kwenye Matendo ya Mitume, yule towashi wa sura ya 8 aliomba mwenyewe. Lakini ule wa utotoni siuoni kama si kitu, mlinzi wa gereza wa sura ya 16 alibatizwa "yeye na watu wake wote" usiku huo huo, na hatuambiwi kama ndani kulikuwa na vichanga ama la. Kinachonishinda ni kubatizwa mara ya pili. Mi nilibatizwa mchanga kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na siwezi kusimama mbele ya watu nikakubali kwamba siku ile hakukutokea kitu. Nikihamia kwa mume wangu nitatakiwa kuzama, kwa baba pia na kwa wifi pia. Nikienda kwa baba mdogo wananipokea na ubatizo wangu ule ule.

Meza ya Bwana sina mengi, naamini Kristo yupo pale kweli na sitaki mtu anipimie kwa namna gani, hapo Luther ananifaa, ila nikiwa kwenye misa sijawahi kujisikia ugenini pia. Nachowapendea sana Wasabato ni kuoshana miguu kabla ya meza, Wamennonite nao wanafanya, na natamani makanisa yote wangefanya kila mara, siyo Alhamisi Kuu tu na kwa watu wachache waliochaguliwa.

Kuhusu siku, naheshimu Sabato na nyumbani Jumamosi hatufui wala hatupiki mapishi ya kuchosha, imetuletea amani kubwa, ila siamini kwamba anayesali Jumapili yuko kwenye kosa. Chakula vilevile, kambale hana magamba kwa hiyo kwetu haingii, tunakula sato na sangara na dagaa na hakuna aliyepungukiwa, lakini nikisoma maono ya Petro kwenye Matendo 10, anapoambiwa achinje ale, siwezi kumwambia jirani anayekula kambale kwamba anamkosea Mungu. Kunena kwa lugha naamini kupo. Kwamba kila aliyejazwa Roho lazima anene kwanza, hapana, 1 Wakorintho 12 Paulo anauliza kabisa kama wote hunena kwa lugha.

Kwa hiyo nikiweka mezani kwa uzito, bila kuhesabu, waliobaki ni wawili, Roma na KKKT. Roma kwa sababu ya marehemu wangu, KKKT kwa sababu ya mengine karibu yote, pamoja na kwamba wana wachungaji wanawake, kitu ambacho kwangu kama mama wa binti kina uzito wake. Mume wangu anajua na hajakasirika, amesema tu nisome na upande wake mpaka mwisho, na nasoma, lesoni ya robo hii, yale masomo ya Biblia ya Wasabato, tunasoma wote jioni. Nimeomba kuonana na mchungaji wa kule kwa baba mdogo, na nina swali moja tu nitakalomuuliza kabla ya mengine yote, nikiwa Mlutheri, naweza kuendelea kuwaombea watu wangu waliofia ziwani kwa majina yao au mtaniambia niache? Akinijibu nitawaandikia hapa alichosema.